Ndege Iliyonyamaza

Mtaani kwao walimwita Rubani, ingawa hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda mji wa pili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Daktari wa meno alikaa chumba cha mbele, penye kiti kikubwa na taa. Yeye alikaa chumba cha nyuma, penye meza iliyojaa vumbi la plasta na rafu ya taya za watu. Wagonjwa hakuwajua kwa sura, aliwajua kwa fizi. Mara nyingine alikuwa anajipitia barabarani, akamwona mtu anacheka na wenzake, akasimama na kujisemea kimoyomoyo: hilo jino la pembeni lilinitoa jasho.

Jina la Rubani alilipata kwa ajili ya Jumamosi. Jumamosi alifunga kwenye pikipiki yake ndege ya mbao nyepesi, ya manjano, yenye mabawa marefu kama mikono ya mtu mzima aliyeitanua, akaenda kuirusha kwa rimoti kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya karakana ya matofali ya saruji. Ndege ilikuwa na injini ndogo ya kutosha kiganjani, lakini kelele yake ilitosha mtaa mzima. Ilikunywa mafuta yenye harufu kali, nayo ikayatema nusu yake tumboni mwa ndege na kwenye shati la mwenyewe. Mke wake, karani wa idara ya maji, alikuwa ameshapitisha sheria: ndege isivuke mlango wa chumba cha kulala, na shati la Jumamosi lifuliwe na aliyelivaa. Kwa hiyo ndege ililala stoo, mwisho wa korido.

Watoto wao wawili walipoondoka kwenda kusoma mbali, nyumba ikabaki kimya, na chumba kilichopakana na stoo kikabaki kitupu. Hakikukaa kitupu muda mrefu. Mama mkwe wa Rubani alianza kusumbuliwa na presha ya macho. Ilimla taratibu, mpaka akawa anaona mwanga na vivuli tu, kama mtu anayechungulia kupitia karatasi iliyopakwa mafuta. Binti yake akamfuata, akamleta na sanduku lake, redio yake na fimbo yake.

Sasa, kukaa nyumba moja na mama mkwe si jambo la kuchukulia kimzaha. Rubani alianza kukohoa kabla ya kuingia sebuleni. Alivaa shati hata wakati wa joto. Alipomwamkia alisimama wima kama yuko mbele ya hakimu, ingawa mama mwenyewe hakumwona kama amesimama au amelala chali. Na jambo lililomkosesha raha kabisa lilikuwa ile ndege. Atamwambia nini mama wa watu? Kwamba mwanamume aliyemwoa binti yake anachezea ndege?

Basi akanyamaza. Siku akitaka kujaribu injini aliitoa nje, nyuma ya nyumba, akaiwasha kidogo na kuizima. Alipoulizwa na mama kelele ile ni ya nini, akasema anatengeneza pikipiki ya rafiki yake.

Alichosahau ni kwamba mama mkwe alikuwa amefanya kazi ya simu maisha yake yote, tangu enzi za kukaa mbele ya ubao wa nyaya na kuwaunganisha watu kwa mkono. Aliyepiga alimjua kwa pumzi kabla hajataja anamtaka nani. Macho yalikuwa yamemwacha, lakini masikio yalikuwa bado kazini.

Asubuhi moja wote watatu walikuwa mezani wanakunywa chai. Mama akaweka kikombe chini taratibu.

"Baba," akasema, maana ndivyo alivyomwita mkwewe, "hiyo pikipiki ya rafiki yako imepona?"

"Bado kidogo, mama."

"Mwambie aangalie vizuri. Inalia kama nyigu ndani ya kopo. Na tangu nimekuja sijaisikia ikitia gia hata mara moja."

Chai ilimpalia mke. Alikohoa, akafuta macho, akamtazama mumewe, akaona hana msaada wowote wa kujipa. "Mama," akasema, "si pikipiki. Ni ndege."

Rubani aliitazama siagi.

"Ndege ya kuruka?"

"Ndege ndogo, mama," akajibu yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. "Ya rimoti. Huwa naenda kuirusha Jumamosi. Ni kupumzisha akili tu."

"Na umeificha kwangu muda wote huu?"

"Niliona haya, mama."

Mama mkwe alitafuta fimbo yake ukutani, akainuka. "Haya ni yangu, mimi niliyekaa hapa kama mgeni. Ilete niishike."

Akaishika. Ililazwa mezani, palepale penye vikombe, mke akipinga na hakuna aliyemsikiliza. Vidole vya mama vilianzia mkiani, vikapanda mgongoni, vikafika kwenye mabawa na kuyafuata mpaka ncha. Vilipogusa injini vikarudi vimelowa mafuta. Akavinusa, akavipangusa kwenye kanga yake bila kusema kitu. Akapapasa kidirisha cha mbele.

"Rubani anakaa wapi?"

"Rubani ni mimi, mama. Nakaa chini."

"Basi ni rubani mwoga," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, mkwewe akacheka mbele yake.

Jumamosi iliyofuata alikwenda naye. Ndege ilifungwa kwenye buti la teksi, mama akakaa kiti cha nyuma na fimbo yake. Uwanjani alikuwepo rafiki mmoja, fundi umeme wa magari, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye naye alikuwa na ndege yake. Alimtafutia mama kiti cha plastiki, akakifuta kwa kofia yake, akamweka kivulini kando ya ukuta wa karakana.

Injini ilipowaka, mama alinyoosha shingo. Ndege ilipokimbia kwenye nyasi na kunyanyuka, fimbo yake nayo ikanyanyuka. Ndege ikaenda kushoto, fimbo ikaenda kushoto. Ikazunguka juu ya karakana, fimbo ikazunguka. Fundi umeme alisahau ndege yake mwenyewe, akabaki kumtazama yule bibi aliyekaa kitini akiichora angani ndege asiyoiona.

"Mama anaona," akamnong'oneza Rubani.

"Haoni. Anasikia."

Kisha mama akaita: "Baba, ishushe. Inakohoa."

Rubani hakusikia kikohozi chochote, lakini kwa adabu tu akaigeuza ndege ielekee uwanjani. Ilikuwa bado haijamaliza kugeuka injini ilipozimika. Ikashuka kwa mteremko mrefu na kugusa nyasi karibu na miguu yao. Kama ingekuwa kule ilikokuwa mwanzo, wangeokota vijiti juu ya paa la karakana.

Tangu siku hiyo Jumamosi ikawa ya watu wawili. Mama aliamka mapema, akavaa gauni lake la kutokea, akakaa sebuleni kungoja. Njiani alimsimulia mkwewe habari za kazini kwake: mabwana waliogombana kwenye simu na kumsahau yeye katikati, wachumba ambao maneno yao ya kwanza na ya mwisho yalipita masikioni mwake. Rubani aliacha kukohoa kabla ya kuingia sebuleni. Mke wake alisema sasa nyumba ina wagonjwa wawili wa ndege, na hospitali haina wodi yao.

Shida ilikuja na kuku. Mwenye uwanja, bwana mmoja mpole aliyestaafu kazi ya posta, alijenga banda kubwa la kuku kwenye kona ya uwanja wake. Jumamosi moja alikuja akitembea juu ya nyasi amevaa suti, na kwapani amebana kuku mweupe.

"Nimekuja na shahidi," akasema.

Wakamwamkia, wakamwamkia na kuku.

"Mimi ndege sizikatazi. Mimi mwenyewe nazipenda, naziangalia dirishani. Lakini hiyo kelele. Mkiwasha tu, kuku wangu wote wanakimbilia pembe moja wanalaliana. Juzi nimetoa wawili wamebanwa wamekufa. Waliobaki mayai wametaga kama wanalazimishwa." Akamrekebisha kuku kwapani. "Kama kuna ndege za kimya, leteni. Za kelele, naomba mnistahi."

Hakuna aliyeweza kubishana na mtu mwenye adabu namna ile. Alipoondoka, fundi umeme alimgeukia rafiki yake.

"Nimekwambia tangu zamani. Toa injini, weka mota na betri. Mimi yangu nabadilisha wiki hii."

"Injini ina roho," Rubani akasema. "Mota ni feni tu."

"Basi kamwambie kuku."

Alikasirika siku mbili hivi, kisha akapiga moyo konde. Akaweka gazeti kwenye meza ya baraza, akaanza kuifungua ndege. Injini ikatoka, na bomba lake la moshi. Likatoka tangi la plastiki, na sponji nyeusi iliyolizunguka, na mrija, na ile mota ndogo iliyokuwa kazi yake kufungua na kufunga mafuta. Alivyotoa vilijaa bakuli. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na redio yake imezimwa, akiuliza kila kitu kinachowekwa bakulini ni nini na kilikuwa na kazi gani.

Mota mpya ya umeme ilikuwa duara, fupi, nyepesi. Lakini ukuta wa mbao wa puani, pale inapofungwa, ulikuwa umekunywa mafuta kwa miaka. Gundi ilikataa kushika. Alisugua kwa msasa, ikakataa. Akapangusa kwa spiriti, ikashika usiku na kubanduka asubuhi. Mwishowe akaleta kutoka kazini unga wa plasta, ule wa kumiminia taya, akaumwaga mkavu juu ya mbao na kuuacha unyonye. Ukawa wa njano. Akaukung'uta, akaweka mwingine. Kila mara mama alipewa ndege ainuse.

"Bado," alisema. "Bado inanukia gereji."

Akaweka mwingine, akapangusa tena kwa spiriti.

"Sasa inanukia mbao."

Siku hiyo gundi ikashika.

Kwa kuwa mota ilikuwa fupi kuliko injini, propela ingegonga pua. Fundi umeme akakata vipande vinne vya bomba la alumini, wakavitumia kuisogeza mota mbele. Mahali palipokuwa na tangi pakawa pa betri. Rubani akakata kifuniko juu ya pua, akakiwekea sumaku, ili betri itoke na kuingia bila kuyafungua mabawa kila mara. Akatoboa tundu la hewa mbele, na fundi umeme akamfanya atoboe jingine kubwa zaidi nyuma, tumboni.

"Hewa isipokuwa na pa kutokea haiingii," alimweleza. "Na mota ikikosa hewa utanusa harufu mbaya kuliko ya mafuta."

Walijaribu mota kwanza bila propela, kama inavyotakiwa. Rubani aliinama akaitazama inavyozunguka, akaridhika. Kosa lake ni kwamba aliitazama akiwa mbele yake badala ya nyuma. Walipoweka propela, wakafunga mkia kwenye nguzo ya baraza na kusukuma kijiti cha rimoti, ndege ilirudi kinyumenyume ikagonga nguzo, na upepo wote ukaenda kwa mke, aliyekuwa amekaa mbele na karatasi za ofisini. Bili za maji za watu zikaruka mpaka uani.

"Hii ndege yako inataka kurudi dukani," akasema mke, akiinuka kuziokota.

Fundi umeme alicheka mpaka akakaa chini. "Nyaya za mota ziko tatu. Badilisha mbili zozote, itageuka." Akabadilisha, ikageuka.

Ikabaki mizani. Ndege ya namna hii lazima ikishikwa chini ya mabawa, mahali maalumu, ilale sawa hewani. Ikiinamisha pua ni nzito kuruka, ikiinamisha mkia haishikiki. Rubani alichora alama mbili, akataka kuiinua, lakini alihitaji mikono yake ya kusogezea betri.

"Nipe mimi," mama mkwe akasema.

Akamwelekeza vidole vyake kwenye alama, akiwa mwangalifu asimshike mkono zaidi ya inavyobidi. Mama akaiinua ndege kwa vidole viwili tu, kimoja kila upande, akafumba macho, ingawa kufumba kulikuwa hakubadilishi kitu.

"Pua inainama. Rudisha kidogo. Umezidisha, sasa mkia. Mbele tena, kidogo kama nusu ya kucha." Ndege ikatulia vidoleni. "Hapo. Imelala."

Rubani akachora mstari pale betri ilipofika, akaifunga kwa mkanda.

Jumamosi ilipofika, hata mwenye kuku alikuja, safari hii bila shahidi. Ndege ilikimbia kwenye nyasi kwa mvumo mdogo, kama feni ya mezani, ikanyanyuka kwa nguvu kuliko zamani. Ilipofika juu, mvumo ukaisha kabisa. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ilipanda, ikajilaza kwenye upepo, ikazunguka. Bandani kuku waliendelea kuchakura. Mwenye kuku akasema hajawahi kuona ustaarabu kama ule. Rubani alijiona mjinga kwa kung'ang'ania injini muda wote huo. Shati lake lilikuwa safi, mikono mikavu. Aliizungusha ndege mara nyingi, akaipitisha chini, akaipandisha tena, meno yote nje.

Nyuma yake akasikia mama anamuuliza fundi umeme kwa sauti ndogo: "Mbona hamuanzi?"

"Iko juu, mama. Imeruka kitambo."

"Aa." Kisha baada ya kidogo: "Vizuri sana."

Rubani akageuka. Mama alikuwa amekaa kitini kwa heshima zake zote, fimbo imelala mapajani, uso ameuelekeza upande wa karakana. Ndege ilikuwa upande wa pili.

Aliishusha. Mama akampongeza, akauliza kama kuku wametulia, akafurahi kusikia wametulia. Ndani ya teksi alizungumza habari za hali ya hewa.

Jumamosi iliyofuata alisema goti linamuuma. Nyingine akasema kuna kipindi redioni asichotaka kimpite. Rubani alikwenda peke yake, akarusha, akarudi mapema.

"Mama hana goti," mke wake alimwambia jikoni, akikausha sahani. "Jana amepanda na kushuka ngazi za kanisani kama msichana."

"Najua."

"Unajua, na umekaa?"

"Sasa nirudishe injini? Nikaue kuku wa watu?"

"Sikukwambia urudishe injini. Nimekwambia mama yangu amekaa chumbani anasikiliza bei za mahindi, na mahindi hana."

Kwanza alifunga kengele ndogo chini ya tumbo la ndege. Chini ililia vizuri, lakini angani upepo uliisukuma nyuma ikatulia huko, bubu. Akafunga utepe mrefu wa plastiki mkiani, upigepige. Ulipigapiga kweli, ila ndege ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango, na fundi umeme akaomba utepe ule ufunguliwe kabla hawajazikwa nao. Alifikiria kuweka redio ndogo ndani, uzito ukakataa.

Jibu lilimkuta kazini, wakati hata hafikirii ndege. Alikuwa anasafisha kwa bomba la hewa taya ya juu ya plasta, kuondoa vumbi kwenye tundu moja. Hewa ilipopita ukingoni mwa tundu, taya ikalia. Sauti nene, laini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Akaondoa hewa, ikanyamaza. Akarudisha, ikalia.

Daktari akachungulia mlangoni, glavu mikononi. "Nani anapiga filimbi humu? Nina mgonjwa amefungua mdomo."

"Ni taya, daktari."

Daktari alimtazama kidogo, akaona ni afadhali arudi kwa mgonjwa.

Baada ya kazi alichukua nta, akafinyanga kijibomba kifupi kama kidole, kimezibwa upande mmoja, kina mdomo uliokatwa kwa mshazari. Akapuliza hewa, kikalia kama ndege aliyekanyagwa. Akapeleka nyumbani vijibomba vitatu na pampu ya baiskeli, akaketi barazani na mama mkwe.

"Mama, nataka masikio yako."

Akampulizia cha kwanza.

"Hicho ni simu iliyokatika. Nimekisikia miaka mingi, sikitaki. Shusha."

Akaongeza nta, bomba likarefuka, sauti ikashuka.

"Sasa ni ng'ombe. Pandisha kidogo."

Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa, yeye akikata na kuongeza, mama akikataa na kukataa. Hakuuliza ni vya nini, wala mkwewe hakumwambia. Lakini alipofikia sauti moja ya katikati, safi, mama alitulia, akasema, "Rudia." Akarudia. "Hiyo hata ikiwa mbali nitaijua."

Ilibidi filimbi ziwe mbili, moja kila bawa, ndege isivutwe upande. Ya pili aliipandisha kidogo kuliko ya kwanza, kwa sababu mama alisema zikifanana zitamezana. Kesho yake kazini akamimina zote mbili kwa plastiki aliyokuwa nayo, ile ya kutengenezea ufizi. Zikatoka za waridi, zinang'aa, na zilipobandikwa chini ya mabawa ya manjano, mke wake alisema ndege sasa imeota meno ya chini na imebaki kulishwa.

Jumamosi alimwambia mama mkwe: "Leo goti litakuwa limepona."

"Nani kakwambia?"

"Daktari mmoja wa taya."

Akaenda. Kiti kikawekwa palepale kando ya ukuta. Ndege ilikimbia kwenye nyasi kwa mvumo wake wa feni, ikanyanyuka, na ilipopata kasi, filimbi zikaanza. Hazikuwa kelele. Zilikuwa sauti mbili zinazokwenda pamoja, kama watu wawili wanaoimba kwa midomo iliyofungwa. Mama aliinua kichwa. Fimbo ikatoka mapajani, ikayumba kidogo, ikatafuta, ikashika. Ndege ikaenda kulia, fimbo ikaenda kulia. Ikapita juu ya vichwa vyao, fimbo ikapita juu, na fundi umeme ikabidi ainame isimpige.

Mwenye kuku alitoka bandani na ndoo ya chakula. Akasimama, akasikiliza, akawatazama kuku wake. Kuku waliinua shingo wote kwa pamoja, wakafikiria kidogo, wakarudi kuchakura.

"Hii wameikubali," akasema. Akaweka ndoo chini, akakaa juu yake karibu na kiti cha mama, naye akaangalia.

"Baba," mama akaita, "ikigeuka kushoto, ya kulia inapaza. Ikigeuka kulia, ya kushoto inapaza. Umefanya makusudi?"

Hakuwa amefanya makusudi, wala hakuwa ameligundua. Akageuza ndege kushoto, akasikiliza kwa bidii. Kweli: filimbi ya bawa la nje, linalokwenda mwendo mkubwa zaidi, ilikuwa inapanda kidogo. "Hapana, mama. Imejitokea tu."

"Basi mimi najua inakwenda wapi kabla hujanionyesha." Akaegemeza fimbo ukutani. "Nipe hicho chombo."

Rubani alimtazama fundi umeme. Fundi umeme akaangalia mawingu, kama mtu asiyehusika. Rubani akaipandisha ndege juu sana, akailaza sawa, akamsogelea mama na kumwekea rimoti mikononi. Safari hii alimshika vidole gumba vyote viwili na kuviweka kwenye vijiti, bila kuona haya.

"Hiki cha kulia ndicho cha kugeuza, mama. Taratibu, kama unatafuta stesheni redioni."

"Iache iende kwanza," mama akasema.

Ndege ikaenda moja kwa moja, sauti mbili sawasawa, ikizidi kuwa mbali. Vidole vya mama havikutikisika. Rubani alisimama ubavuni mwake, mikono wazi tayari kuipokea rimoti.

"Mama, inafika mbali."

"Nasikia."

Akasukuma. Juu kule bawa moja likainama, na filimbi ya nje ikapanda. Mama aliiachia kidogo, ikashuka. Akasukuma tena, ikapanda. Ndege ilikuja inazunguka duara kubwa, lisilo sawa, lenye kona pale ambapo halikutakiwa kuwa nayo, lakini duara. Ikarejea juu ya uwanja, ikawapita. Mama alikuwa anatabasamu mdomo wazi, na fundi wa meno aliyaona meno yake yote, yake mwenyewe, hakukuwa na hata moja la kutengenezwa.

"Tena?" akauliza.

"Tena, mama."

Alizungusha tena, na la pili likawa duara zaidi. Mwenye kuku akapiga makofi akiwa juu ya ndoo. Betri ilipokaribia kuisha, mama akarudisha rimoti, akasema kushusha hataki, hizo ni kazi za watu wenye macho.

Nyumbani mke aliwafungulia mlango, akawaangalia mmoja mmoja. "Mmechelewa. Ndege imeanguka?"

"Haijaanguka," mama akajibu, akivua viatu. "Niliizungusha mimi mara mbili. Huyu bwana alikuwa amesimama tu pembeni anatetemeka."

"Kweli, baba watoto?"

"Kweli kabisa," Rubani akasema, na akaipitisha ndege koridoni kwenda stoo, akiinamisha bawa moja ili filimbi zisikwaruze ukuta. Mama alikuwa ameshakaa mezani, anamweleza binti yake kwamba Jumamosi ijayo atahitaji kofia, na kwamba bwana wa posta ameahidi kumletea kiti chenye mikono.